Ngũgĩ na mtoto mkalimani

Hapa Nakivale wanaosoma vitabu wanamtumia Ngũgĩ wa Thiong'o kuwagombeza wazazi: kwa nini mtoto aongee Kiingereza? Mimi Decolonising the Mind (1986) naipenda, hasa pale watoto wanapochapwa kwa kuongea Kigikuyu shuleni. Lakini kwetu hakuna anayechapwa. Mtaala wa Uganda unataka lugha ya eneo mpaka P3, huku ni Kinyankole, kisha P4 wanahamia Kiingereza. Mama Mkongomani ana Kiswahili tu. Basi mtoto wa miaka tisa ndiye anamweleza daktari ugonjwa wa tumbo la mama yake, mambo mengine hata haya yanamshika. (Ninyi wa mashirika, tafuteni mkalimani mtu mzima!) Hapo kitabu hakitusaidii.

Kinapotusaidia ni kwingine, na watu wanaruka kurasa hizo: hadithi za jioni motoni. Mama yake Ngũgĩ hakujua kusoma, ila lugha ya nyumbani ilikuwa na sungura na fisi. Yetu imebaki na "njoo ule" na "nyamaza". Halafu tunashangaa mtoto anaidharau, wakati ukivuka Kagera pale Kikagate, upande wa Murongo, hesabu za shule ya msingi zinafundishwa kwa Kiswahili hichohicho.