Kiti cha Neno katika Sentensi ya Kiingereza

Fundi mmoja wa nguo mtaani kwetu aliniletea barua aliyoiandika kwa Kiingereza. Alikuwa anaomba zabuni ya kushona sare za wafanyakazi wa hoteli, akataka niikague kabla hajaipeleka. Barua ilikuwa safi, tahajia sawa, nyakati sawa. Lakini katika aya ya pili, pale alipoeleza uzoefu wake, aliandika hivi: "Before the school opened, I had fifty uniforms sewn."

Alikusudia kusema kwamba kabla shule haijafunguliwa alikuwa ameshashona sare 50. Msomaji wa Kiingereza akiipitia sentensi hiyo ataelewa kwamba alishonesha sare 50: yupo mtu mwingine aliyekaa kwenye cherehani, yeye alipeleka vitambaa tu. Meneja wa hoteli angejiuliza kwa nini asimtafute huyo mshonaji mwenyewe. Dawa yake haikuhitaji neno jipya hata moja. Nililitoa "sewn" pale mwishoni nikalisogeza likae baada ya "had": "I had sewn fifty uniforms." Maneno ni yaleyale matano. Aliyeshona sasa ni yeye.

Tazama Kiswahili kinavyoifanya kazi hiyo. Nimeshona, nimeshonesha. Tofauti yote imo katika silabi moja iliyopachikwa ndani ya kitenzi, na kitenzi hutembea nayo popote kitakapowekwa. Kiingereza hakina silabi hiyo, kwa hiyo kazi ya "-esh-" kinaifanya kwa kulihamisha neno kiti. Makosa mengi ninayokutana nayo katika maandishi ya watu wanaokijua Kiingereza vizuri kabisa yanatoka hapa: wamechagua maneno sahihi, wakayapanga kama watu waliozoea lugha ambayo neno hubeba kitambulisho chake mwilini.

Kiingereza hakikuzaliwa hivi. Kile cha miaka 1,000 iliyopita kilikuwa na vimalizio kwenye nomino, na hata vijineno vilivyotangulia nomino vilibadilika. Mfalme anayetenda aliandikwa "se cyning". Mfalme anayetendwa, "þone cyning". Mwandishi aliweza kumtanguliza mfalme, au askofu, au kitenzi chenyewe, na bado msomaji akajua nani kamlaki nani. Vimalizio hivyo vilichakaa polepole. Mkazo wa sauti ulikuwa mwanzoni mwa neno, kwa hiyo silabi za mwisho zikawa zinamezwa. Kaskazini na mashariki mwa Uingereza wenyeji walichanganyika na walowezi wa Skandinavia, ambao mizizi ya maneno yao ilifanana na ya Kiingereza lakini vimalizio vilitofautiana, na wataalamu wengi wanaona kwamba watu wa namna hiyo wakizungumza hushika mzizi na kuachia kimalizio. Kisha Wanormani wakaiteka nchi mwaka 1066. Ofisi zikaandika Kilatini na Kifaransa, Kiingereza kikabaki vinywani mwa watu bila karani wa kukishikilia. Alipofariki mshairi Chaucer, mwaka 1400, sehemu kubwa ya vimalizio vile ilikuwa imekwisha. Miongoni mwa masalia ni "he" na "him", "I" na "me", "who" na "whom", na hili la mwisho nalo linaaga.

Kazi iliyokuwa ya vimalizio ilibidi ifanywe na kitu kingine, na kitu hicho ni nafasi. Anayetangulia kitenzi ndiye mtenda. Anayefuata ndiye mtendwa.

Sisi tunaweza kusema "Asha amekisoma kitabu", "Kitabu amekisoma Asha", au "Amekisoma kitabu Asha". Msisitizo unahama, habari inabaki ileile, maana "ki" imekishika kitabu na "a" imemshika Asha. Ukijaribu kwa Kiingereza, "The book has read Asha", umesema kitabu ndicho kilichomsoma mtu. Lakini tusijidanganye kwamba Kiswahili hakijali mpangilio. "Mbwa amemuuma mtu" na "Mtu amemuuma mbwa" ni habari mbili, na ya pili ndiyo itakayopigiwa simu redioni. Mbwa na mtu wote wako katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo "a" na "mu" zinaweza kumshika yeyote kati yao, nasi tunabaki kuegemea nafasi. Anayetaka kuhisi jinsi mwandishi wa Kiingereza anavyoishi na aishike sentensi hiyo ya mbwa. Hali inayotupata sisi mara mojamoja, yeye iko naye kuanzia asubuhi hadi jioni.

Hata masharti hutengenezwa kwa kuhamisha kiti. "I had known" ni nilikuwa nikijua. Livute "had" mbele ya "I", "Had I known", na papo hapo imekuwa ningalijua. Sisi tuna "-ngali-". Wao wamebadilishana nafasi maneno mawili.

Kwenye nomino zilizofuatana kanuni ni moja: bwana mkubwa hukaa mwisho. "Horse race" ni mbio za farasi, "race horse" ni farasi wa mbio. Anayetafsiri majina ya miradi, ambayo wakati mwingine yana nomino tano au sita zilizobanana bila kiungo, na aanze kusoma kutoka kulia. Akianza kushoto atajikuta amejenga nyumba kwa kuanzia paa.

Neno "only" ndilo linalonipa kazi kuliko yote. Chukua mkataba wa pango wenye sentensi "The tenant shall pay for water." Liweke "only" mwanzo kabisa, "Only the tenant shall pay for water", na mpangaji peke yake ndiye mlipaji, mwenye nyumba hahusiki na bili ya maji. Lisogeze kabla ya "for water", "The tenant shall pay only for water", na mpangaji analipia maji tu. Umeme, taka na mlinzi ni juu ya mwenye nyumba. Kwa mtu anayelipa kila mwezi, umbali kati ya sentensi hizo mbili ni fedha nyingi. Sasa liweke mahali ambapo wenye lugha hupenda kuliweka wanapozungumza, kabla ya kitenzi: "The tenant shall only pay for water." Mdomoni hakuna tatizo, kwa sababu msemaji ataikazia "water" na kila mtu ataelewa. Karatasi haina sauti. Msomaji mmoja ataona kwamba ni maji tu yanayolipiwa. Mwingine, akiwa na sababu zake, atadai kwamba kazi ya mpangaji ni kulipa tu, na kumwita fundi bomba si juu yake. Wako wanaosema kuhimiza nafasi ya "only" ni ukali wa walimu wa zamani. Katika gazeti nakubaliana nao. Katika mkataba sikubali: lazima liguse neno linalolibana.

Kiswahili kinatupa zana zaidi hapa, "peke yake", "ndiye", "tu", ingawa "tu" nayo inataka kuangaliwa. "Atalipa maji tu" ni jambo moja. "Atalipa tu" ni kwamba apende asipende, atalipa.

Lipo kosa jingine tunalolibeba kutoka kwetu kwenda kwao. Mwajiri anataka kutangaza kwamba si waombaji wote watakaoitwa kwenye usaili, anaandika "All applicants will not be interviewed." Wapo watakaomwelewa alivyokusudia, lakini wapo watakaoelewa kwamba hakuna hata mmoja atakayeitwa, na pande zote mbili zina haki. Ukanusho ukitangulizwa, "Not all applicants will be interviewed", mlango wa tafsiri ya pili unafungwa. Na kwenye barua za ofisini kwetu limezoeleka "the concerned officer" kwa maana ya ofisa anayehusika. Huku Afrika Mashariki tunaelewana. Msomaji wa Uingereza ataona ofisa mwenye wasiwasi. Kwake yeye, anayehusika ni "the officer concerned", kivumishi kikiwa nyuma ya nomino, pale ambapo Kiswahili hukiweka kwa kawaida.

Kesi inayonionyesha uzito wa jambo hili kuliko mfano wowote wa darasani ni Barnhart dhidi ya Thomas, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Novemba 2003. Mama mmoja alikuwa mwendesha lifti. Kazi yake ilifutwa, naye akaomba mafao ya ulemavu. Sheria ya hifadhi ya jamii ilimtaka aonyeshe kwamba hawezi kuifanya kazi yake ya awali, wala kazi nyingine yoyote yenye kipato "which exists in the national economy", yaani iliyopo katika uchumi wa taifa. Maafisa wakamwambia: uendeshaji wa lifti bado unauweza, kwa hiyo hustahili. Akajibu kwamba kazi hiyo haipo tena kwa kiasi cha maana nchini, atairudia wapi?

Swali zima likawa juu ya kiti cha maneno hayo sita. Yamekaa mwishoni, baada ya kazi mbili. Je, yanaieleza ile ya pili tu iliyo jirani yake, au yanarudi nyuma hadi kazi yake ya awali? Mahakama ya rufaa ilimpa mama haki. Mahakama ya Juu ikamnyima, majaji wote tisa wakiwa pamoja: kishazi cha namna hiyo kwa kawaida huambatana na nomino iliyokitangulia karibu zaidi. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu, alitoa mfano wa wazazi wanaosafiri na kumwachia nyumba kijana wao. Wanamwambia ataadhibiwa akifanya sherehe au shughuli nyingine yoyote inayoharibu nyumba. Kijana akifanya sherehe, hawezi kujitetea kwamba nyumba haikuharibika.

Sasa mpe mtafsiri wa Kiswahili sentensi ile ya sheria. Hili si zoezi la kufikirika: mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na maandishi ya aina hii yako mezani kwa watafsiri. "Hawezi kufanya kazi yake ya awali wala kazi nyingine yoyote yenye kipato..." Hapo kalamu inasimama. Ngeli haimsaidii, kwa sababu kazi zote mbili ziko ngeli moja. Lakini idadi inamdai jibu. Akiandika "iliyopo", amekibana kishazi kwenye kazi ya pili, kama Mahakama ya Juu. Akiandika "zilizopo", amezikusanya kazi zote mbili, kama mahakama ya rufaa, na mama wa lifti ameshinda. Kiingereza kiliweza kukaa kimya miaka mingi na utata huo, kikiuacha umetulia kwenye kiti kimoja cha mwisho. Kiswahili hakiruhusu ukimya huo. Kiambishi kitaandikwa, na chochote kitakachoandikwa kimeshahukumu.

Mtafsiri wa kabla ya Novemba 2003 angelazimika kuamua mwenyewe, au kuigeuza sentensi nzima ili utata usipotee. Wa leo anaandika "iliyopo".