UHAKIKI: USHAHIDI WA KIVULI
The Crucible ya Arthur Miller na Mahakama ya Salem

Utangulizi

Tamthilia ya The Crucible, iliyoandikwa na Mmarekani Arthur Miller, ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Januari, 1953. Tangu hapo imesomwa katika shule nyingi duniani. Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosoma kwa Kifaransa huijua kwa jina la Les Sorcières de Salem. Jina lake la Kiingereza lina maana ya chungu kidogo cha kuyeyushia madini, ambamo takataka hujitenga na dhahabu kwa nguvu ya moto.

Makala haya yanakusudia kuupima mchezo huo kwa mizani mbili: mizani ya sanaa na mizani ya historia. Baada ya hapo tutalikabili swali ambalo mwalimu wa nchi zetu hawezi kulikwepa. Je, mchezo unaohusu uchawi ufundishwe vipi mbele ya wanafunzi ambao wengi wao huamini kwamba wachawi wapo, na ambao huenda wamekwisha kumwona kikongwe wa jirani akifukuzwa kijijini kwa tuhuma hiyo hiyo?

Mambo yalivyotokea

Mwanzoni mwa mwaka 1692, katika kijiji cha Salem, koloni la Massachusetts, watoto wawili wa nyumba ya mchungaji Samuel Parris walishikwa na maradhi yasiyoeleweka. Mmoja alikuwa bintiye Betty, mwenye umri wa miaka 9, na wa pili jamaa yake Abigail Williams, mwenye miaka 11. Walipiga kelele, wakajinyonganyonga, wakadai wanafinywa na watu wasioonekana. Upesi ikasemwa kwamba wamerogwa. Watatu wa kwanza kushtakiwa walikuwa wanyonge: Tituba, mtumwa wa mchungaji mwenyewe, Sarah Good, mwanamke mwombaji, na Sarah Osborne, mgonjwa wa kitandani.

Kabla ya mambo kutulia, watu zaidi ya 150 walikuwa wamekamatwa. Walionyongwa ni 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu shtaka, alilazwa chini na kurundikiwa mawe hadi akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Mtoto wa Sarah Good, msichana wa miaka minne au mitano, alifungwa minyororo kama mchawi mkubwa. Hapakuwa na aliyechomwa moto Salem, ijapokuwa wanafunzi wengi hudhani hivyo. Sheria ya Kiingereza ilikuwa kunyonga. Moto ulikuwa adhabu ya nchi nyingine za Ulaya, ambako pamoja na Uingereza wanahistoria hukadiria kuwa watu 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18, wengi wao wanawake.

Dhamira na nguvu ya mchezo

Miller aliandika wakati ambapo kamati za bunge la Marekani zilikuwa zikiwasaka wakomunisti. Aliyeitwa mbele ya kamati hakutakiwa tu kujieleza. Alitakiwa awataje wenziwe. Mwandishi mwenyewe aliitwa mwaka 1956, akakataa kutaja majina, akatiwa hatiani mwaka 1957, na hukumu hiyo ikafutwa mwaka 1958. Kwa hiyo mchezo ulitangulia kumfikia muumba wake.

Dhamira kuu ni mahakama iliyopinduka juu chini. Katika mahakama ya kawaida mkosaji hukana ili ajiokoe. Huko Salem aliyekana alinyongwa, na aliyekiri alipona. Jambo hili si la kubuniwa. Kumbukumbu zaonyesha kwamba waliokiri na kushikilia ungamo lao hawakunyongwa hata mmoja. Lakini ungamo lilikuwa na bei, nayo ni majina mapya. Kila aliyeokoka aliwavuta wengine shimoni, na kila jina jipya likawa ushahidi kwamba wachawi ni wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Miller ameionyesha mashine hii kwa ufundi mkubwa katika sehemu ya tatu. Mary Warren, mtumishi wa nyumbani kwa Proctor, anakuja kusema kwamba yeye na wenziwe walikuwa wakijifanya. Wasichana wanaanza kupiga kelele wakidai kwamba roho yake imegeuka ndege anayewarukia. Mary hana njia ya kujitetea dhidi ya ndege ambaye hakuna anayemwona ila mlalamikaji. Hatimaye anasalimu amri, anarudi kundini, na kumtaja bwana wake. Katika sehemu ya nne John Proctor anatia sahihi ungamo la uongo, kisha analirarua, kwa kuwa hataki jina lake litumike kuwaangamiza wengine. Hapo ndipo chungu cha kuyeyushia kinapotoa dhahabu yake.

Wahusika: kasoro ya kwanza

Hata hivyo, mwandishi alipotafuta chanzo cha maafa haya alichagua njia nyepesi. Katika mchezo, Abigail ni msichana wa miaka 17 aliyezini na Proctor, naye anamshtaki mke wa Proctor kwa wivu. Katika historia Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11, na Proctor alikuwa mzee wa miaka kama 60. Hakuna kumbukumbu ya uhusiano baina yao. Miller mwenyewe alikiri katika dibaji kwamba aliuongeza umri wa Abigail.

Hatumlaumu msanii kwa kubadili umri, maana tamthilia si hati ya mahakama. Lawama yetu ni juu ya matokeo ya badiliko hilo. Msomaji anaondoka akiamini kwamba watu 19 walinyongwa kwa sababu ya tamaa ya msichana mmoja. Waheshimiwa waliokaa mezani, wakaandika hati na kutia mihuri, wanabaki kuwa watu waliodanganywa. Kumbe mwenye kubeba dhima kubwa ni jaji mkuu William Stoughton, ambaye si mhusika wa mchezo huu. Baraza la wazee wa mahakama lilipomwona Rebecca Nurse, mwanamke mcha Mungu wa miaka 71, hana hatia, ni Stoughton aliyewataka wafikiri upya. Wakafikiri upya, naye akanyongwa tarehe 19 Julai, 1692. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Salem palikuwa na magomvi ya mipaka ya mashamba baina ya ukoo wa Putnam na jamaa za Rebecca Nurse, na ni nyumba ya akina Putnam iliyotoa mashtaka mengi. Miller anayagusa magomvi hayo, lakini wivu wa Abigail unayafunika.

Tituba: kasoro ya pili

Kwa msomaji wa Kiafrika, Tituba ni mhusika wa kutazamwa kwa makini. Katika mchezo yeye ni mtumwa mweusi kutoka Barbados, naye ndiye anayewaongoza wasichana katika ngoma ya msituni na kuzungumza na mizimu. Ndivyo pazia linavyofunguliwa: uchawi umeletwa na mgeni mweusi.

Kumbukumbu za mahakama hazisemi hivyo. Zinamwita Tituba Mhindi, yaani mwenyeji wa asili wa mabara yale, wala hazionyeshi kwamba aliwafundisha wasichana uganga. Kipo kisa cha mkate uliochanganywa na mkojo wa watoto na kupewa mbwa ili mchawi afichuke. Aliyeutoa ushauri huo alikuwa mwanamke Mwingereza, muumini wa kanisa lile lile, na dawa yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Imani ya uchawi ilisafiri na wakoloni kutoka kwao, pamoja na sheria na vitabu vyao.

Tituba alihojiwa mwanzoni mwa Machi, 1692, akakiri. Akasema ameona kitabu cha Ibilisi chenye alama tisa. Washtakiwa walikuwa watatu tu wakati huo, basi mahakimu wakaanza kuwatafuta waliobaki. Robert Calef, aliyeandika mwaka 1700, ameeleza kwamba Tituba alisema alikiri kwa kupigwa na bwana wake. Baadaye alikaa gerezani hadi 1693 kwa kuwa Parris hakutaka kulipa gharama za kifungo, hata akauzwa kwa aliyezilipa. Mwandishi wa Guadeloupe, Maryse Condé, alimfanya Tituba msimuliaji wa riwaya nzima mwaka 1986. Mwalimu anayetumia Kifaransa angeweza kuzisoma kazi hizi mbili sambamba.

Jambo ambalo mchezo haulisemi

Pazia linafungwa Proctor akipelekwa kunyongwa. Mwanafunzi haoni jinsi maafa yalivyokomeshwa, na hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko yote.

Mwezi wa Oktoba, 1692, mchungaji Increase Mather, mkuu wa chuo cha Harvard, alitoa maandishi ya kupinga ushahidi wa kivuli, yaani ushahidi wa umbo la mshtakiwa linaloonekana na mlalamikaji peke yake. Hoja yake ilikuwa kwamba Ibilisi aweza kujivika umbo la mtu asiye na hatia, na kwamba heri wachawi kumi waponyoke kuliko mmoja asiye na kosa kuuawa. Mwezi huo huo Gavana William Phips akaivunja mahakama ile. Mahakama mpya ya Januari, 1693 ilipokataa ushahidi wa kivuli, karibu washtakiwa wote waliachiliwa, na watatu waliotiwa hatiani wakanusurika kwa amri ya Gavana.

Tuzingatie kwamba Mather aliamini uchawi kwa moyo wake wote. Hakusema wachawi hawapo. Alisema kwamba njia iliyotumiwa kuwajua haiwezi kumtenga mkosaji na asiye na kosa. Kwa maoni yangu, hoja hii ndiyo ufunguo wa darasa letu. Mwalimu anayeanza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba imani za bibi zao ni upuuzi hufunga masikio yao kabla ya ukurasa wa pili. Lakini mwalimu anayeuliza, “Umejuaje? Nani mwingine aliyeona? Mshtakiwa angeweza kujitetea kwa njia gani?” huwafikia wote, aaminiye na asiyeamini.

Suala la lugha

Anayefasiri mchezo huu hukutana na msamiati wetu. Kiswahili hutofautisha mchawi au mlozi, anayedhuru, mwanga, anayetoka usiku, mganga, anayetibu, na mpiga ramli, anayebainisha. Waingereza wa enzi ya ukoloni walikuwa wakimwita mganga kwa jina lililomchanganya na mchawi, na mkanganyo huo ungali katika insha za wanafunzi. Kwa kutumia msamiati wetu tunaona jambo ambalo Kiingereza hakilionyeshi upesi: wale wasichana wa Salem hawakuwa wagonjwa tu, walifanywa wapiga ramli. Walichukuliwa hadi mji wa Andover ili wawatambue wachawi wa huko, na kwa kugusana tu watu wengi wakatiwa mbaroni.

Upo pia usemi wetu wa mchawi mpe mwana kulea. Hekima yake ni kumfunga mshukiwa kwa amana badala ya kamba. Mwanafunzi na aulizwe kama ingeliwezekana Salem, na kwa nini wazee wetu waliosema hivyo hawakufuatwa daima.

Hitimisho

The Crucible ni tamthilia bora juu ya dhamiri ya mtu mmoja, na dhaifu juu ya dhima ya mahakama na juu ya Tituba. Ifundishwe, lakini isifundishwe peke yake. Wanafunzi wapewe majina na umri wa kweli, wapewe hoja ya Mather, kisha waandike sehemu ya tano ambayo Miller hakuiandika.

Wala kazi hiyo si ya kale. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inamhesabu mkosaji hata yule anayemwita mwenziwe mchawi. Hata hivyo mwezi wa Mei, 2008, katika eneo la Kisii, watu wasiopungua 11 walichomwa moto kwa tuhuma hizo. Mjini Kinshasa watoto wamefukuzwa majumbani kwa kuitwa wachawi tangu miaka ya 1990.

Katika mwaka 1711 koloni la Massachusetts lilifuta hukumu nyingi na kuwalipa jamaa fidia. Elizabeth Johnson wa Andover, aliyetiwa hatiani Januari, 1693 akiwa na miaka 22, alisahauliwa. Jina lake lilisafishwa mwezi wa Julai, 2022, baada ya miaka 329. Walioifukua kesi yake na kuwaandikia wabunge walikuwa mwalimu mmoja wa uraia na wanafunzi wake wa mji wa North Andover, wenye umri wa miaka kumi na mitatu hivi.