Pipa la Taka la Houston na Kiti cha Kocha

Septemba 21, 2017, Danny Farquhar, mrushaji wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox, alikuwa kwenye tuta la kurushia, ugenini Houston, mbele yake akiwa Evan Gattis wa Astros. Mdakaji alipompa ishara ya mpira wa mwendo mdogo, kutoka upande wa benchi la wenyeji ulisikika mlio wa kitu kinachogongwa. Ishara ilipokuwa ya mpira wa kasi, kimya. Farquhar alishuka kwenye tuta, akamwita mdakaji wake, wakabadilisha ishara. Milio ikakatika, na Gattis akatolewa.

Ubishi juu ya ubingwa ambao Astros walitwaa mwaka huo haujaisha hadi leo, na sehemu kubwa yake huendeshwa na watu wasiotazama wizi wa ishara wenyewe ulivyofanya kazi. Tuanzie hapo.

Kabla ya kila mpira, mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuonyesha vidole katikati ya mapaja, akimwambia mrushaji arushe mpira wa aina gani. Mpigaji haoni. Mkimbiaji aliyefika kituo cha pili anaona, na akisoma kwa macho yake mwenyewe hajavunja sheria. Ujanja huo ni wa tangu zamani. Ndiyo maana kituo cha pili kikiwa na mtu, mdakaji hutoa ishara nyingi mfululizo, na moja tu ndiyo ya kweli. Kituo kikiwa kitupu, hutoa ishara moja, waziwazi. Mwanya uliotumiwa na Astros ulikuwa huo.

Thamani ya siri hiyo iko kwenye muda. Mpira wa maili 95 kwa saa, takriban kilomita 153, hutoka mkononi na kufika kwa mpigaji ndani ya sekunde 0.4 hivi. Katika muda huo lazima autambue, aamue, na gongo liwe limeshafika. Mrushaji mzuri huishi kwa kuuvuruga uamuzi huo: mkono uleule, mwendo uleule, lakini mpira unakuja polepole zaidi au unapinda na kuzama mwishoni. Anayejua kinachokuja amepunguziwa kazi nusu nzima.

Tangu 2014 ligi kuu ya Marekani, MLB, iliwaruhusu makocha kupinga uamuzi wa waamuzi kwa kutumia video, karibu na ilivyo VAR kwenye soka. Kwa hiyo kila timu ikawa na chumba cha marudio hatua chache kutoka benchi. Mwanzoni mwa msimu wa 2017, watu wa chumba hicho cha Astros walitumia picha za kamera ya upande wa mbali wa uwanja kufumbua mpangilio wa ishara, kisha habari ikapelekwa benchi, na kutoka benchi ikamfikia mkimbiaji wa kituo cha pili. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na ilihitaji mtu awe kituo cha pili. Baada ya miezi kama miwili, kocha msaidizi Alex Cora alimwagiza fundi aweke skrini kwenye ujia ulio nyuma ya benchi. Wachezaji walijaribu kupiga makofi, miluzi, kupaza sauti. Mwishowe wakachagua kugonga pipa la taka kwa gongo: mlio mmoja au miwili, unakuja mpira wa kupinda au wa polepole, kimya, unakuja wa kasi. Mlio uliweza kumfikia mpigaji kati ya ishara na urushaji, bila kumtegemea mkimbiaji yeyote.

Siku ile Farquhar aliposhtuka, wachezaji walipata hofu, wakaing'oa skrini ukutani na kuificha ofisini kabla mechi haijaisha. Mechi za mtoano zilipofika, uchunguzi wa ligi ulibaini, palikuwa na skrini nyingine ya kubebeka, imewekwa juu ya meza. Ikumbukwe kwamba Septemba 15 kamishna Rob Manfred alikuwa ameshaziandikia klabu zote, baada ya Boston Red Sox kukamatwa wakitumia saa ya kielektroniki kuiba ishara, akisema makocha wakuu na mameneja wakuu wangewajibishwa.

Sasa ule ubishi. Wanaowatetea Astros hutoa hoja ya takwimu: msimu wa kawaida walishinda mechi 53 na kupoteza 28 ugenini, ilhali nyumbani, kwenye pipa, walishinda 48 na kupoteza 33. Hoja ina uzito. Lakini waulize mtoano. Nyumbani walishinda mechi 8 na kupoteza 1. Ugenini walishinda 3 na kupoteza 6. Mechi 18 hazitoshi kuthibitisha lolote, na ushindi wa mwisho dhidi ya Los Angeles Dodgers waliupata ugenini. Mimi nasema pande zote mbili zinapima kitu kisichopimika kwa jumla ya ushindi. Faida ya mlio huonekana kwenye mpira ambao mpigaji hakuupiga: ule unaozama nje ya eneo, ambao siku nyingine angeurukia. Mechi ya tano ya fainali, mrushaji wa Dodgers Clayton Kershaw aliongoza kwa 4-0 mjini Houston, na uongozi ukafutwa palepale kipindi cha nne. Astros walishinda 13-12 kwa vipindi 10. Hakuna anayeweza kuthibitisha ni mipira mingapi ya Kershaw ilitangulizwa na pipa. Ndiyo maana ubingwa huo utabaki na doa. Kilichoharibiwa ni ushahidi wenyewe.

Shabiki mmoja wa Astros alijipa kazi ya kusikiliza video za mechi za nyumbani za msimu ule, mipira zaidi ya 8,200, akahesabu milio zaidi ya 1,100. Namheshimu kuliko wachambuzi wengi wanaolipwa. Alipenda timu yake na bado akahesabu. Hesabu yake ilionyesha pia kwamba José Altuve, anayezomewa kuliko wote, aligongewa mara chache mno.

Siri ilitoka Novemba 2019, pale Mike Fiers, aliyekuwa mrushaji wa Astros, alipoieleza tovuti ya The Athletic. Januari 13, 2020 kocha mkuu A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow walifungiwa mwaka mmoja, klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5 na kupokonywa nafasi zake za kwanza na za pili za kuchagua chipukizi kwa miaka miwili. Siku hiyohiyo mmiliki Jim Crane akawafukuza wote wawili. Cora, ambaye wakati huo alikuwa anainoa Red Sox, akaondoka. Carlos Beltrán, mchezaji pekee wa 2017 aliyetajwa kwa jina kwenye ripoti ya ligi kuhusu mpango huo, akaachia kazi ya New York Mets kabla ya kusimamia hata mechi moja. Wachezaji walikuwa wameahidiwa kinga ili waseme kweli, kwa hiyo hakuna aliyeadhibiwa.

Wapo wanaosema Hinch alionewa. Uchunguzi ulikubali kwamba hakuupenda mpango ule, na kwamba aliiharibu skrini mara mbili. Kwangu mimi hilo linamtia hatiani zaidi. Ilibadilishwa, akaiona imerudi, akanyamaza. Kocha mkuu ndiye anayepanga nani acheze. Angeweza kumweka nje yeyote anayegonga pipa.

Wiki mbili baada ya kumfukuza Hinch, Astros wakamchukua Dusty Baker, mwenye miaka 70. Wengi waliona ni mkongwe aliyeitwa kuficha aibu, tena mtu aliyepoteza fainali ya 2002 akiinoa San Francisco Giants baada ya kuongoza 5-0 kwenye mechi ya sita. Nilichokiona mimi ni kocha mwenye heshima mbele ya wachezaji ambao hakuwahi kuwa mwenzao kwenye siri. Aliwafikisha fainali 2021, na 2022 wakaifunga Philadelphia Phillies 4-2 kwenye mfululizo wa fainali. Mwaka huohuo ligi iliruhusu PitchCom, kifaa cha vitufe kinachompelekea mrushaji ishara kwa sauti ndani ya kofia, vidole vikaanza kustaafu.

Hinch aliajiriwa na Detroit Tigers Oktoba 30, 2020, siku tatu baada ya fainali ya mwaka ule kumalizika na kifungo chake kwisha. Cora alirudi Boston wiki iliyofuata. Sipingi mtu kupewa nafasi ya pili. Ningekuwa kwenye kiti cha wanaoajiri, nisingepoteza muda kumuuliza Hinch kama anajuta. Ningemuuliza siku ile skrini ya tatu ilipowekwa, alimwita nani ofisini kwake, na kama hakumwita yeyote, sasa angeanza na nani.