Utekwa Ndani na Nje ya Skrini: Virginia McKenna na Ndovu wa Tsavo

Nyota wa filamu huwa na maisha mawili machoni pa hadhira yake: yale ya wahusika anaowaigiza na yale yake binafsi, kama yanavyosimuliwa magazetini na katika mahojiano. Richard Dyer, katika kitabu chake Stars (1979), alidai kwamba maisha haya mawili hujenga taswira moja, na kwamba taswira hiyo yaweza kuchambuliwa kama matini. Rai hiyo inafaa kupimwa kwa mfano ulio karibu na msomaji wa Kenya. Mfano wenyewe ni Virginia McKenna, mwigizaji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1931, na filamu An Elephant Called Slowly, iliyopigwa katika Mbuga ya Tsavo mwishoni mwa miaka ya 1960. Makala haya yanashikilia kwamba McKenna anastahili sifa, ila si kwa uzuri wa filamu hiyo. Anastahili kwa sababu maisha yake ya baadaye yaligeuka kuwa tahakiki ya filamu yenyewe.

Filamu zilizompa McKenna jina zina dhamira moja inayojirudia, nayo ni utekwa. Katika A Town Like Alice (1956), iliyompatia tuzo ya BAFTA, anaigiza mwanamke anayetembezwa na wenzake katika nchi ya Malaya wakiwa mateka wa Wajapani. Katika Carve Her Name with Pride (1958) yeye ni Violette Szabo, jasusi aliyefungwa na hatimaye kuuawa na Wanazi. Katika Born Free (1966), iliyopigwa nchini Kenya, anaigiza Joy Adamson, na dhamira inageuzwa: safari hii anayefungwa ni mnyama, naye binadamu ndiye mwenye uwezo wa kumwachilia. Katika filamu zote tatu mtazamaji anaoneshwa kifungo waziwazi na kuombwa akichukie.

An Elephant Called Slowly, iliyoongozwa na James Hill, mwongozaji wa Born Free, inaonekana kuivunja silsila hiyo. McKenna na mumewe, Bill Travers, wanaigiza wahusika wenye majina yao wenyewe, mume na mke waliokuja Afrika kutunza nyumba ya mtu. Msuko ni mwepesi na sauti ni ya mzaha. Ndovu wanakuja na kuondoka wapendavyo, na baadhi yao ni mayatima waliolelewa na David na Daphne Sheldrick katika makao makuu ya Tsavo Mashariki, karibu na mji wa Voi. Katika ulimwengu wa filamu hakuna seli wala mnyororo.

Kifungo kipo, lakini kimeachwa nje ya skrini. Ndama jike aliyeibeba hadithi, Pole Pole, alikuwa ametenganishwa na kundi lake akiwa mdogo, na alikuwa tayari amekusudiwa kuwa zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. McKenna na Travers walipoomba kumnunua ili alelewe na akina Sheldrick, walielezwa kwamba mwingine angekamatwa kuchukua nafasi yake. Wakakataa kumwokoa mmoja kwa gharama ya mwingine, na Pole Pole akasafirishwa.

Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Anwani ya Kiingereza imechukua maana moja tu ya neno hili, yaani mwendo usio wa haraka. Kwa msemaji wa Kiswahili, polepole ni pia jinsi ya kushika kitu kinachoweza kuvunjika, na ndani yake mna pole, neno la kumfariji aliyefikwa na msiba. Jina lililopotezwa nusu katika tafsiri lilikuwa limebeba huzuni ambayo filamu haikuisema.

Mwaka 1982 wawili hao walimwendea Pole Pole London na kumkuta peke yake, naye akawanyoshea mkonga. Mwaka 1983, baada ya jaribio la kumhamisha, alikufa. Mwaka uliofuata McKenna, Travers na mwana wao Will walianzisha Zoo Check, shirika lililokuja kuwa Born Free Foundation. Nyota aliyenufaika na picha ya ndovu huru alitumia miongo iliyofuata kuonesha picha hiyo ilimgharimu nini ndovu mwenyewe. Ni nadra msanii kuisahihisha kazi yake kwa namna hii.

Hata hivyo sifa hizo zina mpaka. Kuna utekwa mwingine ambao si filamu wala maisha ya nyota yaliyouangazia vya kutosha. Katika miaka ya 1950 kampeni dhidi ya ujangili, iliyoendeshwa Tsavo na Sheldrick pamoja na Bill Woodley, iliwapeleka gerezani wawindaji wengi wa jamii ya Waata, waliokuwa wakiishi kwa uwindaji katika nyika hiyo kabla ya mbuga kuundwa mwaka 1948. Hifadhi za Tsavo zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta, na mkulima wa Sagalla anamjua ndovu kama mgeni wa usiku anayemaliza mahindi shambani. Uhuru wa mnyama, unapooneshwa kwenye skrini pasipo watu hawa, unakuwa mandhari tu.

Kwa hiyo kusoma taswira ya McKenna kwa ukamilifu ni kuuliza, katika kila filamu, nani amefungwa ili wengine waonekane huru. McKenna aliuliza swali hilo kwa niaba ya Pole Pole, na kulijibu kwa matendo. Kuliuliza kwa niaba ya Mwaata na mkulima wa Sagalla ni kazi inayowangoja wahakiki wa filamu zilizopigwa katika ardhi hii.