Utabiri wa Upepo wa Litembo: Namba Moja, Pepo Tatu

Andika "Litembo" kwenye simu, programu ya hali ya hewa itakupa namba moja: tuseme upepo wa kusini-mashariki, kilomita 18 kwa saa. Kabla ya kuitegemea, tuangalie imepatikanaje.

Programu nyingi huchota data kutoka modeli za dunia, mojawapo ikiwa GFS ya Marekani. Data zake za bure hupangwa katika miraba ya robo nyuzi, yaani takriban kilomita 28 kila upande. Hapa kwetu mraba wa ukubwa huo unaweza kubeba ufuko wa Ziwa Nyasa, ulio mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, pamoja na milima ya Umatengo inayopanda kupita mita 1,500. Modeli huilainisha nchi yote hiyo ikawa mteremko mmoja wa wastani. Mabonde na magenge hupotea humo, na ndiyo yanayoamua upepo unavumaje Litembo.

Upepo wa kwanza ni kusi. Kati ya Mei na Agosti, mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi husukuma hewa baridi na kavu kuelekea kwetu. Huu modeli huupata vizuri, kwa sababu ni mpana kuliko miraba yake. Hata hivyo, shamba lililoelekea kusini-mashariki hupigwa usoni, na lililo nyuma ya kilima hupata utulivu unaokatizwa na vishindo vya ghafla.

Wa pili ni upepo wa mlima na bonde. Jua likiwaka, miteremko hupata joto na hewa hupanda. Usiku hupoa, ikawa nzito na kuteremka. Mkulima anayeanika kahawa yake huuona mezani: asubuhi turubai limetulia, ikifika saa nane mchana linapigapiga na linataka mawe pembeni. Mchana huohuo moto wa kusafishia shamba hukimbilia juu ya mteremko, hata kama simu inasema upepo ni mdogo.

Wa tatu ni wa ziwa. Mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Wavuvi wa usipa (dagaa wa ziwa) wa Mbamba Bay na Liuli huutumia usiku ukiwa mwepesi. Lakini kusi ikiingia, hufuata urefu wa ziwa, linalozidi kilomita 550, na mawimbi hukua kadiri yanavyosafiri. Ng'ambo huko Malawi kusi huitwa Mwera. Meli Vipya ilizama katika ziwa hili msimu wa kusi, Julai 1946, na watu 145 wakafa.

Basi namba inayotolewa na simu tuisahihishe hivi. Kwanza, tutazame saa: modeli huendeshwa kwa saa za dunia, na saa 06:00 ya huko ni saa tatu asubuhi kwetu. Pili, tuulize mahali petu pako upande gani wa kilima. Tatu, tukumbuke kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi: kilomita 40 kwa saa hupiga mara nne ya kilomita 20. Anayeingia majini asiishie kwenye programu. Asikilize utabiri wa maziwa na maangalizo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, maana mvuvi hakutani na wastani, hukutana na wimbi.

Kinachobaki ni kupima wenyewe. Chukua mlingoti mrefu, usimike uwanjani mbali na miti, funga kitambaa juu. Andika mwelekeo na nguvu ya upepo saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, na pembeni yake namba iliyotolewa na simu. Msimu mmoja wa kusi ukipita, daftari hilo litakuonyesha ni saa zipi simu husema kweli kuhusu Litembo, na ni zipi huikosa.