Pongezi kwa Watunza Mabanda ya Chumbe

Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, hakina maji ya bomba. Mabanda 7 ya wageni hutegemea mvua: inadondoka juu ya makuti, inapita kwenye chujio, inaingia katika birika chini ya sakafu. Anayeoga haoni kazi iliyotangulia. Makuti yaliyooza yameng'olewa na mapya kufungwa, chujio limesafishwa kabla ya masika, na maji yamepandishwa kwa pampu ya mkono, huku jasho likiwatoka watunza mabanda.

Na choo? Hakivutwi kwa maji, hutiwa majani makavu, yakaoza pamoja na kinyesi mpaka yawe mboji. Kuna mtu anayefunua shimo la choo, akaigeuza mboji hiyo na kuizoa kwa koleo. Kwangu mimi, huyo ndiye anayestahili shukrani ya kwanza, maana bila yeye uchafu ungefika baharini, kwenye matumbawe yaliyohifadhiwa tangu 1994.

Matumbawe hayo nayo yana walinzi wake, baadhi yao waliwahi kuwa wavuvi. Hawana silaha. Mtumbwi ukikaribia, huufuata na kuzungumza na wavuvi wenzao: samaki wakizaliana hapa, watafika hadi kwenye nyavu zenu.