Simu Feki, Namba Halali

Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya hapo, kuanzia Mwanjelwa mjini Mbeya hadi Miyomboni mjini Iringa, wenye simu walikuwa wameshaambiwa: bonyeza *#06#, tuma namba utakayoiona kwenda 15090, subiri jibu.

Mtambo wa ukaguzi haukuwa na namna ya kuiona simu yenyewe. Uliona IMEI tu, yaani ile namba ya *#06#, yenye tarakimu 15. Nane za mwanzo hutaja aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu: kila tarakimu ya pili huzidishwa mara mbili, tarakimu zote hujumlishwa, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Hesabu hiyo hunasa aliyekosea kuandika. Tapeli mwenye kikokotoo haimsumbui hata kidogo.

Simu zilizojazwa namba za kubuni zilinaswa kirahisi. Kazi ilikuwa kwa zile zilizonakili namba ya simu halali, ndiyo maana jibu la 15090 lilitaja kampuni na modeli: ukiambiwa Nokia nawe umeshika kitu kingine, umeshajua. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ulifanywa na jicho la mnunuzi, na kwangu hapo ndipo palipobuniwa vizuri zaidi.

Udhaifu uko kwenye chipu. Simu nyingi za bei rahisi huhifadhi IMEI kwenye memori inayofutika, mithili ya bodaboda ambayo namba yake ya chesisi imeandikwa kwa chaki. Simu ikiflashiwa vibaya, IMEI hupotea na mtandao hukatika. Fundi anayerudisha namba halisi ya mteja hutumia programu zilezile za anayeficha simu ya wizi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 imefanya kubadili IMEI kuwa kosa, lakini memori hupokea chochote inachoandikiwa.

Kuna usanifu mgumu zaidi. Kiwandani, kitambulisho cha chipu huandikwa kwa kuunguza fyuzi ndogo ndani yake, zisizoungika tena, kisha IMEI hutiwa sahihi ya kisimbo inayokubaliana na kitambulisho hicho pekee. Ukiibandika humo namba ya simu nyingine, sahihi inakataa na modemu haijisajili kwenye mtandao.